Jaramogi Oginga Odinga: Juhudi za Mtu na Nguvu za Mazingira

Utangulizi

Katika shule nyingi za upili zilizo kando ya Ziwa Viktoria, kuna mada moja ya mjadala isiyochoka kurudi: kwamba juhudi za mtu binafsi huleta ufanisi kuliko mazingira aliyozaliwa ndani yake. Mwandishi wa makala haya aliwahi kusimamia mjadala huo mara mbili alipokuwa mwalimu, kabla ya kurejea chuoni kwa masomo ya uzamili. Mara zote mbili upande wa juhudi ulishinda. Watetezi wake walikuwa wamejihami kwa methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame, achanikaye kwenye mpini hafi njaa, penye nia pana njia. Wapinzani nao hawakukosa zao, kwani wahenga waliwaachia aliyepewa kapewa na riziki haivutwi kwa kamba. Hata hivyo, mvulana mmoja wa upande wa upinzani aliacha methali akauliza swali. Aliuliza kwa nini baba zao, wanaoamka saa nane za usiku kwenda kuvua omena, hawajatajirika, ikiwa kweli juhudi hutosha. Hakuna aliyemjibu. Kengele ililia, kura zikapigwa, upande wake ukashindwa. Muhula uliofuata hakurudi shuleni. Karo ilikuwa imewalemea wazazi wake.

Swali la kijana yule ndilo lililozaa makala haya. Methali hazitoshi kulijibu, kwa sababu kila methali ina mwenzake wa kuipinga. Njia bora zaidi ni kuchukua maisha ya mtu mmoja, toka mwanzo hadi mwisho, na kutazama ni wapi alijisukuma mwenyewe na ni wapi alisukumwa. Wasifu ni utanzu unaofaa kwa kazi hiyo. Shaaban Robert alipouandika wasifu wa Siti binti Saad, alitufundisha kwamba maisha ya mtu mmoja, yakisimuliwa kwa uangalifu, huweza kuwa kioo cha jamii nzima. Nasi tumemchagua Jaramogi Oginga Odinga, mwana wa Sakwa, ambaye hakuna mkazi wa Kisumu asiyelijua jina lake, ingawa si wengi waijuao safari yake kabla ya siasa.

Malango Yaliyofunguka

Oginga Odinga alizaliwa mwaka 1911, kwa makadirio yanayokubaliwa na wengi, katika kijiji cha Nyamira Kang'o, Sakwa, eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Siaya. Wazazi wake walikuwa wakulima na wafugaji wa kawaida. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwani Desemba 1901, na mji uliochipuka mwishoni mwa reli hiyo, ambao mwanzoni Waingereza waliuita Port Florence, ndio Kisumu ya leo. Kwa hiyo, mtoto huyu alizaliwa wakati ambapo kodi, maduka, misheni na shule vilikuwa vimekwisha kuingia Nyanza, ila havijawafikia watu wote.

Alianza masomo Maranda, akaendelea katika Shule ya Maseno, iliyoanzishwa na wamisheni wa Kianglikana mwaka 1906. Kutoka Maseno alijiunga na Shule ya Upili ya Alliance, kisha akaenda Makerere, Uganda, alikohitimu stashahada ya ualimu. Ngazi hii ya shule nne inasomeka kwa urahisi karatasini, lakini katika Kenya ya miaka ya 1930 kila daraja lilikuwa jembamba kuliko lile lililotangulia. Alliance, iliyofunguliwa mwaka 1926, ilikuwa miongoni mwa malango machache mno ya elimu ya sekondari kwa Mwafrika, na waliofika Makerere kutoka Nyanza walikuwa wa kuhesabika.

Hapa watetezi wa juhudi wana haki ya kusimama na kudai chao. Hakuna aliyemfanyia Oginga mitihani. Walikuwapo wavulana wengi katika madarasa ya Maranda, na aliyepanda ngazi hadi juu alikuwa yeye. Bidii yake haina ubishi.

Hata hivyo, tutazame upande wa pili. Shule ilikuwa karibu na kwao. Mtoto wa mbali na misheni hakuwa na mtihani wa kufanya, seuze wa kufaulu. Isitoshe, Maseno ilikuwa shule ya wavulana. Dada zake wa Sakwa, hata wangekuwa na akili na bidii kumzidi, hawangeingia darasani mle. Juhudi zilimpitisha Oginga langoni, lakini si juhudi zake zilizolijenga lango lile, wala si uvivu uliowaacha wengine nje. Hili ni jambo la kwanza tunalojifunza katika maisha yake, na kama tutakavyoona, yeye mwenyewe hakukawia kulitambua.

Mwalimu Anageuka Mfanyabiashara

Baada ya Makerere, Oginga alirudi Maseno kufundisha, na baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule ya mifugo hapohapo Maseno. Kwa kipimo cha wakati wake alikuwa amefaulu. Alikuwa na mshahara, nyumba na heshima. Angeweza kustarehe hapo na kutajwa kama mfano wa Mwafrika aliyejitahidi.

Hakustarehe. Alikwisha kuliacha jina la ubatizo, Obadiah Adonijah, na kushikilia majina ya kwao, jambo lililomkosanisha na baadhi ya watu wa kanisa. Katikati ya miaka ya 1940 aliiacha kazi ya ualimu pia. Fikra iliyomtoa darasani ilikuwa ya kiuchumi. Alitazama mji wa Kisumu, akaona kuwa biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu, ilhali Waafrika waliuza nguvu zao, mazao yao na samaki wao kwa bei waliyopangiwa. Aliamini kwamba Mwafrika hatasikilizwa katika siasa kabla hajathibitisha kuwa anaweza kusimama kiuchumi. Basi, akaanza na chama kidogo cha kuweka akiba huko Bondo, na mwaka 1947 kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation ikasajiliwa, yeye akiwa msimamizi wake mkuu.

Kampuni hiyo ilijengwa kwa hisa za watu wadogo. Oginga alisafiri toka mji hadi mji katika Afrika Mashariki, popote palipokuwa na Wajaluo wanaofanya kazi relini, bandarini na mashambani, akiwashawishi watoe akiba zao. Kampuni ilijenga maduka Maseno. Ilianzisha pia mtambo wa kuchapa ulioitwa Ramogi Press, uliotoa gazeti la Ramogi, ambalo Achieng' Oneko alikuwa mhariri wake. Katika miaka ya 1950 Oginga aliongoza pia Luo Union akiwa na cheo cha Ker. Kwa michango ya wanachama wake, muungano huo ulijenga Ukumbi wa Ofafa mjini Kisumu, kumbukumbu ya diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa Nairobi. Ni katika kazi hizi ndipo jina la Jaramogi, lenye kumhusisha na Ramogi, mzee wa asili wa Wajaluo, lilipomkaa.

Je, kampuni ile ilifanikiwa? Ilifanikiwa kwa kuwepo. Watu walioambiwa kuwa Mwafrika hajui kuweka akiba waliiweka, na walioambiwa kuwa hawezi kumiliki mtambo wa kuchapa waliumiliki. Lakini haikukua kuwa lile jabali la kiuchumi ambalo mwanzilishi wake aliliota. Na hapa ndipo swali la yule kijana wa shule linaporejea kwa nguvu: kama juhudi zilikuwapo, kilichokosekana ni nini?

Jibu limo katika sheria na mazingira ya wakati ule. Ardhi ya Mwafrika katika hifadhi za kikabila haikuwa na hati miliki, kwa hiyo hakuwa na dhamana ya kupeleka benki. Sheria ya mwaka 1948 ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika ilifanya deni la Mwafrika lililozidi shilingi 200 lisiweze kudaiwa mahakamani bila kibali maalumu cha serikali. Sheria hiyo ilielezwa kuwa ni ya kumkinga Mwafrika dhidi ya madeni, ila matokeo yake yalikuwa kumnyima mtaji, maana hakuna mfanyabiashara wa jumla atakayemkopesha bidhaa mtu ambaye hawezi kumdai. Mshindani wake wa Kihindi alikuwa na ndugu Mombasa, mawakala Bombay na miongo kadhaa ya uzoefu. Mwafrika alikuwa na shilingi zilizokusanywa moja moja. Ni haki pia kukiri kwamba kampuni ilikosa watu wa kutosha wenye ujuzi wa hesabu na usimamizi. Lakini ujuzi huo nao hauanguki kutoka mbinguni. Hufundishwa, na hakukuwa na mahali pa kuwafundishia.

Kutoka Dukani hadi Barazani

Wengine huiona hatua ya Jaramogi ya kuingia siasani kama badiliko la kazi. Sisi tunaiona kama hitimisho la hoja. Alikuwa amejaribu kuinua watu wake kwa juhudi ndani ya sheria zilizokuwapo, akagundua kuwa sheria zenyewe ndizo zilizokuwa ukuta. Aliyeugonga ukuta kwa kichwa mara ya kutosha huanza kutafuta mlango, na asipouona huanza kufikiria kuubomoa ukuta.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliwachagua kwa mara ya kwanza wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vyao vilikuwa vinane tu, na mpigaji kura mmoja aliweza kuwa na hadi kura tatu kulingana na elimu, mali au utumishi wake. Jaramogi alimshinda Benaiah Apolo Ohanga, Mwafrika wa kwanza kuwa waziri nchini, katika eneo la Nyanza ya Kati. Akawa mwenyekiti wa umoja wa wabunge hao wanane, naye Tom Mboya akawa katibu. Juni 1958 alisimama barazani na kutamka kwamba Jomo Kenyatta na wenzake waliofungwa walikuwa bado viongozi wa watu. Tamko hilo liliwashtua wakoloni na hata baadhi ya wenzake, maana jina la Kenyatta lilikuwa limefanywa mwiko. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1961, Kenyatta aliachiliwa huru. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, Jaramogi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na nchi ilipokuwa jamhuri Desemba 1964, akawa Makamu wa Rais wa kwanza.

Mwana wa wakulima wa Sakwa alikuwa amefika hatua moja kutoka kileleni. Lau hadithi ingeishia hapa, kila mwalimu wa Kiswahili angeitumia kupigia mfano wa penye nia pana njia.

Kisumu, Oktoba 1969

Haikuishia hapo. Jaramogi alitofautiana na wenzake serikalini kuhusu ardhi, kuhusu mikataba na mataifa ya Mashariki na Magharibi, na kuhusu nani hasa alikuwa anafaidi matunda ya uhuru. Machi 1966, katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru, cheo chake cha makamu wa rais wa chama kiligawanywa sehemu nane, akabaki bila hata moja. Mwezi uliofuata alijiuzulu serikalini na kuongoza chama kipya cha Kenya People's Union. Katiba ilibadilishwa upesi ili wabunge waliohama wapiganie viti vyao upya. Kati ya viti 29 vilivyogombaniwa, KPU ilipata 9. Mwaka 1967 alichapisha tawasifu yake, Not Yet Uhuru, ambayo jina lake lenyewe lilitangaza kuwa uhuru wa kweli haujawasili.

Julai 5, 1969 Tom Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi, na Nyanza ikawaka kwa majonzi na hasira. Oktoba 25 mwaka huohuo Rais Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovyeti, msaada ambao Jaramogi alihusika kuutafuta. Hadi leo wenyeji huiita hospitali hiyo Russia. Viongozi hao wawili walirushiana maneno makali mbele ya umati, fujo zikazuka, na walinzi wa rais wakafyatua risasi. Hesabu rasmi ya waliokufa ilikuwa 11. Wenyeji wameshikilia miaka yote kuwa walikuwa wengi zaidi. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku, na Jaramogi akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, hadi Machi 1971.

Ni juhudi gani mtu angeweza kufanya kizuizini? Na baada ya kizuizi, ni juhudi gani zingemsaidia, ilhali alizuiwa kugombea ubunge katika uchaguzi wa 1974 na tena 1979? Bidii yake haikuwa imepungua hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba wenye funguo za lango walikuwa wameamua kulifunga.

Jioni ya Maisha

Rais Moi alimteua kuwa mwenyekiti wa bodi ya pamba mwaka 1979, na ikadhaniwa kuwa mambo yangetengemaa. Haukupita muda mrefu akautamkia umma kuwa marehemu Kenyatta alikuwa mnyakuzi wa ardhi, akaupoteza wadhifa huo. Hapa hatuwezi kuyalaumu mazingira peke yake. Alijua gharama ya ulimi wake, akachagua kusema. Mwaka 1982 alifukuzwa KANU, na baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo, akazuiliwa nyumbani kwake Kisumu.

Alipokuwa na umri wa takriban miaka 80, wakati ambapo wazee wenzake walikuwa wakiota jua uani, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa FORD, Agosti 1991. Desemba mwaka huo kifungu cha katiba kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kilifutwa. Ukuta uliosimama tangu 1969, na kutiwa muhuri wa sheria mwaka 1982, ulikuwa umeanguka. Lakini mwaka uliofuata FORD iligawanyika, Jaramogi akibaki na FORD-Kenya na Kenneth Matiba akichukua FORD-Asili. Katika uchaguzi wa Desemba 1992, Moi alishinda kwa zaidi kidogo ya theluthi moja ya kura. Jaramogi akawa wa nne. Serikali ilikuwa na hila zake, naam, lakini mgawanyiko wa upinzani ulikuwa kosa la wapinzani wenyewe, na Jaramogi ana fungu lake katika kosa hilo. Mtu anayetaka kuyatwika mazingira kila kushindwa kwake hatapata msaada katika sura hii ya maisha yake.

Alifariki Kisumu tarehe 20 Januari 1994, akazikwa nyumbani kwake Bondo. Kiti cha urais hakukipata.

Hitimisho

Sasa tuseme nini? Tukipima kwa vyeo, juhudi za Jaramogi zilishindwa na mazingira. Tukipima kwa alichokiacha, mizani huinama upande mwingine. Barabara kuu ya maduka katikati ya Kisumu, mji alioukuta ukiwa na biashara isiyokuwa ya watu wake, inaitwa kwa jina lake. Chuo kikuu kimesimama Bondo kwa jina lake, mahali ambapo yeye alipaondoka ili aende kutafuta elimu ng'ambo ya mpaka. Na ile hospitali ya Russia, iliyofunguliwa kwa damu siku ile ya Oktoba, leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Wajukuu wa wale waliopigwa risasi wakati wa ufunguzi wake huzaliwa humo.

Maoni yetu ni kwamba mada ya mjadala imewekwa vibaya. Inatutaka tuchague kati ya juhudi na mazingira kana kwamba ni mafahali wawili wasiokaa zizi moja. Maisha ya Jaramogi yanaonyesha uhusiano wa aina nyingine. Mazingira huamua malango mangapi yapo na nani anaruhusiwa kuyakaribia. Juhudi huamua nani kati ya hao atapita. Kwa hiyo anayemwambia maskini kuwa kilichompata ni uvivu anasema uongo, na anayemwambia kuwa hakuna la kufanya anamdhulumu mara ya pili. Lakini ipo juhudi ya tatu, ambayo watahini wetu hawaitaji: ile ya kutoa nguvu zako ili lango lifunguke kwa wengine. Mwalimu wa Maseno angeweza kutosheka na mafanikio yake. Alipoacha mshahara na kuanza kuomba shilingi za makuli, alikuwa amekwisha kuelewa kwamba bidii ya mtu mmoja humfikisha mtu mmoja tu.

Laiti kengele isingelia siku ile, jibu ambalo mwalimu angempa mvulana wa upande wa upinzani ni hili. Baba yako si mvivu. Anaamka usiku, anavua, na bei ya omena wake hupangwa na mtu ambaye hakulowa maji. Usiache kuamka mapema, mwanangu, ila ukishaamka, uliza pia bei hiyo hupangwa wapi, na nani, na kwa sheria gani. Jaramogi aliuliza maswali hayo katika mji huuhuu wa Kisumu. Na mwalimu mwenyewe ana swali lake la kujibu: siku karo ilipomshinda mtoto yule, yeye aliyejua majibu yote haya alikwenda kugonga mlango wa nani?